Kofia Katika Mkebe wa Bima

Baba yangu,

Kesho asubuhi, inshallah, nitasimama mbele ya kadhi hapa Mombasa niape kwamba umekufa. Nimeona ni ukosefu wa adabu kumwapia mtu kifo bila kumwambia mwenyewe kwanza, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kama u hai mahali fulani, basi njoo upesi, uingie pale kwa kadhi unitie aibu mbele za watu. Nitaipokea aibu hiyo kwa mikono miwili.

Lakini huji. Hilo nalijua tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili, na kulinyamazia kumenichosha.

Leo ni Alhamisi, alasiri. Mama amejinyoosha kitandani, miguu juu ya mto, imevimba. Mimi nimekaa chini. Karatasi zako zote ziko mkekani mbele yangu, nimezipanga kwa mstari kutoka mlangoni kwenda dirishani, vile vile ulivyonifundisha. Hakuna hata moja iliyopotea. Hebu fikiria, Baba: nyumba imepotea, mji umetupotea, wewe umepotea, lakini stakabadhi ya makato ya mshahara wako ya mwezi mmoja, mwaka ambao mimi sijazaliwa, hiyo ipo, haina hata kunyanzi. Mara nyingine nacheka. Halafu nakasirika.

Unazikumbuka Ijumaa zetu? Ulikuwa ukirudi likizo kutoka melini unakaa Kisimayu miezi miwili, mitatu, na nyumba yote inanuka dizeli hata ukioga mara ngapi. Mama alikuwa akikusugua mgongo kwa ndimu na bado. Ijumaa ukitoka msikitini tunakula wali na papa wa nazi, halafu unajifuta mikono, unaniita.

"Karani! Lete mkebe."

Karani ni mimi. Nilikuwa na miaka minane ulipoanza kuniita hivyo, na nilikuwa najidai nalo mbele ya wenzangu. Nilikwenda kuutoa mkebe chini ya kitanda chenu, mkebe wa biskuti ulioletwa kutoka melini, wenye picha ya farasi wanaovuta gari kwenye theluji. Nilikuuliza theluji ni nini ukaniambia ni mvua iliyoshindwa kuamua. Ndani ya mkebe mlikuwa na mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mna karatasi, zimefungwa kwa uzi wa kushonea nyavu, fundo ambalo wewe tu na mimi tulijua kulifungua.

"Nikifa, unaanza na ipi?"

"Kitabu cha baharia."

"Kwa nini?"

"Wajue wewe ni nani."

"Halafu?"

"Hati ya bima. Wajue waliahidi nini."

"Halafu?"

"Cheti cha ndoa. Wajue Mama ni nani. Halafu cheti changu cha kuzaliwa, wajue mimi ni nani. Stakabadhi zinakaa chini ya hati ya bima, zisichanganywe na kitu kingine."

Mama hakuwahi kuyasikia hayo yote. Ukishatamka neno la kwanza, "nikifa," yeye anajitanda leso. "Haya, mshaanza! Mnayakaribisha mauti, yakae hapa, tuyatilie na chai!" Wewe ulikuwa ukimwambia kwa Kibajuni, "Mchu hafi kwa kutajwa," na yeye yuko mlangoni tayari: "Wala mtu haongezwi umri kwa kutajwa!" Anakwenda zake kwa jirani mpaka tumalize. Kila Ijumaa. Mimi nilidhani huo ni mchezo wenu wawili, nikawa nausubiri.

Nyumba zote za mtaa zilikusema. Mtu mzima na akili zake, analipia kifo chake kabla hakijaja! Walisema umejiuza kwa wazungu ungali hai. Wewe hukujali. Ulikuwa umemwona mwenzako aliyeungua kwenye mtambo wa meli, bega kwa bega na wewe, na mkewe kule kisiwani hakupata hata senti kwa sababu karatasi zililiwa na mchwa. Alibaki kuuza samaki wa kukaanga mbele ya nyumba yake mpaka akazeeka. Ulinisimulia habari zake mara moja tu, ukasema, "Mimi sitamlisha mchwa."

Sasa nifike pale ninapopakimbia siku zote. Mwisho wa mstari, baada ya cheti changu cha kuzaliwa, ulikuwa ukiacha mahali patupu. Nilipokuuliza pale panakaa nini, ulivua kofia yako, ile ya kushona kwa mkono ambayo Mama alikushonea mwaka wa harusi yenu, ukaiweka pale.

"Hapa inakaa karatasi ya kifo changu," ulisema. "Hiyo mimi siwezi kuileta. Mtaileta ninyi. Mpaka siku hiyo, kofia inashika nafasi." Halafu ukaichukua ukaivaa tena, ukaipigapiga ikae sawa. "Nikiwa hai, kofia iko kichwani kwangu. Siku utakayoiona hapa na mimi sipo, jua kazi yako imeanza."

Ulikuwa ukiyasema hayo unacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa mtoto mdogo, Baba, hivi ulifikiri utanipa maneno mazito namna ile halafu nitayaweka wapi?

Kisha serikali ikaanguka, na mji ukajaa bunduki. Sina haja ya kukusimulia, ulikuwapo. Leo hawa wameingia, kesho wale wamewatoa, na kila anayeingia anafika kwetu, maana sisi hatuna bunduki wala hatuna ukoo wa kutulipizia. Walichukua redio. Walichukua mashine ya mashua ya jirani. Siku waliyompiga fundi seremala mpaka akafa mbele ya duka lake, wewe ulikuja nyumbani ukasema neno moja, "Tunaondoka," na Mama akaanza kufunga furushi bila kuuliza tunakwenda wapi.

Kazi yangu ilikuwa mkebe. Uliniambia, "Karani, mkebe," basi, na mimi nikautia ndani ya furushi, katikati ya nguo za Mama na gunia dogo la mchele. Nauona mpaka leo mkono wangu ukiusukuma ndani. Halafu nikaenda kumwaga maji ya mwisho, kwa kuwa Mama alisema tusiache maji kwenye ndoo. Tuliondoka asubuhi kwa mashua ya Nahodha Shee, sisi na watu wengine, tumebanana, mpaka kisiwa cha Ngumi, kwa ndugu za Mama.

Pale Ngumi, siku ya pili, ulifungua furushi. Ulitoa nguo moja moja. Ulitoa mchele. Ulitoa hata kitambaa cha mwisho, ukakikung'uta.

"Karani," ukasema, "mkebe uko wapi?"

Nilisema nimeutia. Ulinitazama, ukamtazama Mama, Mama akawa anachambua mchele. Hukunigombeza. Afadhali ungenichapa, Baba, wallahi ningekushukuru. Ulinishika kichwa tu ukasema, "Haidhuru. Karani husahau mara moja tu." Halafu ukaenda kuongea na Nahodha Shee, ambaye alikuwa anarudi mjini kuchukua watu wengine. Mama alikulilia, alikushika kanzu. Ulimwambia utakwenda na kurudi na mashua hiyo hiyo, na kwamba bila karatasi zile miaka yako yote chini ya sitaha ilikuwa kazi ya bure.

Mimi nilikaa na hilo neno, "husahau mara moja," miaka zaidi ya thelathini. Nimekuwa mtu asiyesahau kitu. Ukiniachia sindano leo, ukiidai baada ya miaka kumi nitakupa. Wateja wangu wa sare za shule wananisifu: huyu fundi haandiki vipimo, vyote viko kichwani. Hawajui kilichonifanya hivyo.

Baada ya siku tisa Nahodha Shee alirudi. Mashua ilijaa wanawake na watoto, na wewe hukuwamo. Aliteremka na mkebe kifuani, akaja moja kwa moja kwangu, sio kwa Mama, akaniambia, "Baba yako kasema nimpe karani."

Alitusimulia pale pale, maji yakimfika magotini. Kwamba uliupata mkebe nyumbani. Kwamba kabla hujafika pwani ulikamatwa na vijana wenye bunduki waliotafuta mtu anayejua mitambo, kwa sababu walikuwa wameteka chombo kikubwa na hakuna aliyeweza kukiwasha. Mtu mmoja aliwaonyesha wewe. Walikupitisha mbele ya mashua ya Shee, mmoja mbele, mmoja nyuma, ukawaomba kwa Kisomali chako kizuri wauache mkebe huu uende kwa mtoto wako. Waliufungua. Waliona makaratasi na kofia ndani ya plastiki, wakacheka, wakamtupia Shee.

"Alikuwa kichwa wazi," Shee alisema. "Tangu tuko chuo cha Kurani sikuwahi kumwona kichwa wazi nje ya nyumba."

Mama alisema, "Kasahau kofia kwa haraka. Atakuja kuifuata."

Nilifungua mkebe peke yangu, nyuma ya nyumba ya mjomba. Fundo lilikuwa lile lile. Karatasi zilikuwa kwa mpango wake, kitabu cha baharia juu, hati, stakabadhi, ndoa, mimi. Na chini kabisa, baada ya cheti changu cha kuzaliwa, kofia, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Baba, mtu aliyesahau kofia haifungi ndani ya mfuko kwa fundo. Nilijua papo hapo. Nilikaa pale mpaka wakanitafuta.

Wakati mwingine nakulaumu. Najiuliza kwa nini hukuandika hata mstari mmoja, mtu mwenye mwandiko mzuri namna ile. Halafu nakumbuka walifungua mkebe. Barua wangeichana, au wangeisoma wakakuuliza unamwagia nani siri. Kofia haikuwaambia kitu. Sijui uliivua lini, kama ni ndani ya nyumba yetu ulipowasikia mlangoni. Najaribu kuwaza mikono yako ikifunga lile fundo na watu wanakupigia kelele kwa Kisomali "Waryaa! Waryaa!" nje, na sifiki mwisho, naacha.

Ngumi nayo haikukalika. Wenye bunduki walikuja na huko. Tulishuka chini, Burgao, Ras Kamboni, tukavuka kuingia Kenya, Kiunga, na mwisho tukaletwa kambini nje ya Mombasa, watu wa visiwa vyote kwenye mahema. Siku ya kuandikishwa nilisimama pembeni ya Mama. Karani wa kambi, karani wa kweli huyo, aliuliza, "Mume wako yu hai au amekufa?"

"Yuko safarini," Mama akasema. "Ni baharia."

"Yu hai, basi."

"Yu hai."

Akaandika. Nami nimesimama pale nimeshika mkebe wenye kofia yako ndani, na sikusema neno. Nilikuwa na woga kwamba nikisema nitakuwa nimekuua mara ya pili, maana mara ya kwanza nilikuua kwa kusahau. Ndivyo nilivyofikiri. Mpaka leo kadi ile ya chakula ipo na inasema u hai.

Mama hakukaa eda. Wanawake wenzake walimwambia, walimletea hata mwalimu wa kambini amweleze sheria ya mtu aliyepotea. Aliwafukuza. "Mnanivisha ujane mume wangu akiwa na kofia ya kuifuata?" Na kila Alhamisi, Baba, nisikilize vizuri, kila Alhamisi, tangu kambini mpaka chumba hiki cha kupanga, Mama anaitoa kofia yako. Anaifua kwa mkono. Anaipiga uwanga, anaivisha juu ya bakuli ikauke ishike umbo, ili Ijumaa ikikucha iwe tayari. Halafu anaoga, anajifukiza udi, anapaka wanja macho yote mawili, anakaa. Mke anayemngoja mume. Mimi nimekua nikiyaona hayo, nimeolewa nikiyaona, nimeachwa nikarudi nikakuta bakuli liko pale pale na kofia juu yake.

Mara ngapi nilitaka kumwambia! Nilikuwa nikianza, "Mama, ile kofia..." naye anageuka na uso umechangamka, "Ee, unaona ilivyo nyeupe bado?" Ningesema nini? Nimekuwa mwongo wa Alhamisi, kila Alhamisi.

Mwaka huu figo zake zimekataa kazi. Damu yake inasafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki, na cherehani yangu haiwezi kushindana na mashine ile. Nimeuza dhahabu, nimeuza friji. Ndipo nilipoutoa mkebe nikaandikia ile kampuni ya bima ya ng'ambo. Sikutegemea hata kujibiwa, na wakajibu. Hati yako ni nzima, Baba. Ulilipa yote, wewe mtu wa ajabu, hukuwabakishia. Wanataka kitu kimoja tu, karatasi ya mahali patupu.

Nilipomwambia Mama, akasema, "Kwa hiyo nimtamkie kifo mume wangu, nipewe fedha, ninunue damu. Mimi sitamla mume wangu." Akageukia ukutani. Siku ile ya kusafishwa damu alikataa kwenda, ilibidi majirani wambebe.

Kadhi ni mtu mpole. Nahodha Shee, sasa mzee wa mkongojo, amekubali kusema aliyoyaona. Lakini kadhi aliitazama ile kadi ya kambi akaniuliza, "Hapa nani alisema yu hai?" Nikasema mke wake. "Basi yeye mwenyewe aje aombe hukumu. Mtu aliyepotea miaka hii yote nina njia ya kuhukumu kwamba amekufa. Lakini siwezi kumfanya mama yako mjane kwa nguvu." Ametupa siku ya kesho. Na daktari naye ameniambia wazi, akikosa mashine wiki mbili, tatu, tusimtegemee.

Basi leo baada ya adhuhuri Mama akaniambia, "Nipe kofia na bakuli."

Nikasema, "Ngoja, Mama." Nikatandika mkeka. Nikauleta mkebe, nikafungua fundo.

"Yailahi, leo Alhamisi, usinianzie." Alitafuta leso yake kwa mkono, ile tabia ya zamani, aende kwa jirani. Miguu haikumruhusu. Niliona anajaribu kunyanyuka mara mbili na anashindwa, na nikaendelea. Sikujua kama nina ukatili huo.

Nilikuigiza, Baba. Nikauliza kwa sauti yako na kujibu kwa yangu, neno kwa neno. Unaanza na ipi? Kitabu cha baharia. Kwa nini? Wajue wewe ni nani. Nilipofika mahali patupu niliishika kofia, nikaiweka. Nikamwambia ulisemaje. Nikamwambia ilikuwa wapi ndani ya mkebe siku ile Ngumi, na ilivyokunjwa, na fundo.

Aliikazia macho kofia. Halafu akauliza, "Maneno hayo ni yake?"

"Yake."

"Aliyasema mara ngapi?"

"Kila Ijumaa. Ulikuwa kwa jirani."

"Na wewe ukajua tangu lini?"

"Tangu Ngumi."

"Ukaniacha nifue."

"Nilikuacha, Mama. Nisamehe. Mimi niliyesahau mkebe ningekuja vipi kukwambia na hilo?"

Nilingoja laana. Nilikuwa tayari nayo. Mama alifunika macho kwa kiganja, akasema, "Hukuusahau."

Sikuelewa.

"Hukuusahau mkebe. Uliutia. Ulipokwenda kumwaga maji mimi niliutoa, nikauficha nyuma ya pipa. Nilisema moyoni, tunakikimbia kifo, halafu tukibebe ndani ya furushi? Nilijua atakasirika saa moja, mbili, yaishe. Sikujua atarudi." Akavuta pumzi. "Alipokuuliza wewe, nikachambua mchele."

Baba, nilisimama nikatoka nje. Nilisimama uani kwenye kamba ya nguo, nikashika shati la mtu nisiyemjua. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma. Miaka yote hii! Nimeyaweka maisha yangu juu ya kosa ambalo sikulifanya, na mwenye kosa alikuwa akila nami sahani moja, akiniona ninavyohesabu vitu, ninavyorudi mlangoni mara tatu kuangalia kama nimefunga. Alijua ninaumwa nini, naye dawa anayo. Nilitaka kuingia nimwambie hayo yote.

Kisha nikamwona, kupitia dirishani, anajaribu kuinama kutoka kitandani aifikie ile kofia mkekani na mkono haufiki. Na mimi je? Mimi nilikuwa na yangu, nikamwacha apake wanja Alhamisi baada ya Alhamisi. Niliingia nikakaa chini, nikaweka kichwa kwenye paja lake, tukalia, kila mtu na lake, mpaka adhana ya alasiri.

Sijui kama nimemsamehe. Nakwambia kweli. Nadhani na yeye hajui kama amenisamehe mimi. Lakini tulipomaliza kulia alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayepanga safari ya sokoni, "Kesho tunatoka saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Shee anakuja?"

"Anakuja."

"Muulize kadhi kama naweza kutoka nikiwa edani kwenda hospitali."

Nikamwambia nimeshauliza, inaruhusiwa, ni dharura. Akaitikia kwa kichwa. "Baba yako alipenda mtu anayeuliza mapema," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akikutaja kwa "alipenda".

Halafu akaniambia nimletee bakuli la maji. Ni Alhamisi, nikajua ni la kofia, nikaleta na uwanga. Aliusukuma uwanga pembeni. Alichovya ncha ya leso majini, akaanza kufuta wanja, jicho la kulia, halafu la kushoto, taratibu, mpaka maji yakawa meusi. Akavua vipuli vyake vya fedha, akavitia mkononi mwangu. Akalala ubavu, uso kwangu.

Amelala sasa, na mimi naandika. Mkeka uko vile vile. Kofia iko mwisho wa mstari, haijafuliwa, na kesho, Mungu akipenda, nitaiondoa pale niweke karatasi ya kadhi. Nisamehe, Baba, nimechelewa sana. Kazi yangu nimeianza.

Mimi binti yako,
karani.